Nilivyohukumu Bafle za Watu Bunia

Siku yangu ya kwanza kazini, shefu wa atelie, yaani karakana, hakunipa bisibisi wala waya. Alinipa kiti.

"Keti," akasema. "Funga macho. Sikiliza huyu mama, halafu uniambie iko wapi ndani ya hii chumba."

Mbele yangu zilisimama bafle mbili, yaani zile sanduku za mbao zinazotoa sauti. Ndani yake mama mmoja alianza kugomba. Aligomba juu ya binti yake kukonda, juu ya ndizi zilizoletwa mbichi, juu ya mkwe asiyejua kusalimia. Alikuwa mama mkwe wa shefu mwenyewe. Shefu alikuwa amemwekea mikro mezani wakati wa chai, kwa ruhusa yake, na mama alipoona kwamba kwa mara ya kwanza anasikilizwa, alimaliza kaseti nzima. Mwishoni unamsikia akikoroga sukari, kijiko kikigusa kikombe: ti, ti, ti.

Usicheke. Hicho ndicho kilikuwa kipimo chetu. Shefu alisema muziki unadanganya, kwa sababu weye hukuwepo gita ilipopigwa, lakini mama mkwe unamjua. Bumeri, ile koni kubwa ya chini, inabeba kifua chake. Twita, kile kidude kidogo cha juu, kinabeba ncha za maneno na kile kijiko. Mbele ya bafle mbovu shefu aliendelea kutafuna karanga. Mbele ya bafle nzuri aliweka karanga chini na kuketi wima. Mbele ya bafle za padri mmoja, zilizotoka Ulaya, nilimwona akivua kofia bila kujua kama ameivua.

Basi siku ile mimi, kwa kutaka kujionyesha, nikajibu, "Shefu, mama iko kila fasi."

Kumbe alikuwa amegeuza waya za bafle moja kusudi. Ukigeuza plus na moins, yaani chanya na hasi, koni moja inakwenda mbele wakati ingine inarudi nyuma, na sauti inakosa pa kusimama.

"Mama mkwe haiwezi kuwa kila fasi," akasema. "Ingekuwa vile, mi ningehamia Kisangani."

Nilipoanza kusikia vizuri, mukubwa wa duka, ambaye ndiye mwenye atelie, alinituma Mambasa kwa muuza mbao aliyenunua bafle za bei kali. Kazi yangu ilikuwa kuzipanga na kuandika rapoti. Nilikuta zimewekwa dirishani, nyuso zao zikitazama barabara.

"Papa, juu nini zinaangalia inje?"

"Ndani tuko batu bane," akajibu, akinionyesha vidole vinne. "Inje iko mutaa muzima."

Nilimweleza kwamba bafle mbili na kiti cha msikilizaji vinafanya pembetatu, na kwamba zinataka nafasi kati yao na ukuta. Alinisikiliza kwa heshima kabisa, kisha akauliza majirani watajuaje. Nikatoa kiti nje. Nilizihukumu nikiwa nimeketi kando ya barabara, malori ya mbao yakinipita na vumbi lao, na rapoti yangu ilirudi kutoka Bunia na maneno ya mukubwa pembeni: "Malori haiko sehemu ya bafle."

Niliporudi Bunia, watu wa dhahabu walikuwa wameanza kuagiza bafle ndefu kama kabati. Siku hizo ugomvi wangu ulikuwa na mama wa kila nyumba. Kwetu kitu cha maana hakikai saloni, yaani sebuleni, bila kitambaa cha kufuma, na kile kitambaa kinashuka mpaka kinafunika twita. Nikikiondoa, mama anauliza kama bafle zitakaa uchi mbele ya wageni. Tulikuwa tunapatana hivi: kitambaa kinapanda wakati wa kusikiliza, kinashuka wageni wakibisha hodi. Nimetoa vitambaa vingi kuliko twita nilizobadilisha.

Jina likanishika: Sikio. Mtu hakukubali bafle kubwa kabla Sikio hajaketi mbele yake. Na nilipenda, nisiseme uongo. Nilikuwa nachelewa kusudi, nipite katikati ya saloni watu wakisubiri.

Sasa Mama Dorika. Tulianza pamoja kwa yule mukubwa, yeye akiwa muuzaji wa mbele, mimi nyuma. Baadaye alifungua duka lake. Akaagiza bafle kwa ajili ya mununuzi wa dhahabu wa Bigo, mtaa wa hapa Bunia, nzuri kuliko zote nilizowahi kuona, na mununuzi akasema wazi mbele yetu: "Sikio akizikataa, zinarudi. Na mi na ndugu zangu hatuingie tena kwako." Ile familia ndiyo iliyokuwa inaliweka duka lake wazi. Mama Dorika alikuwa na uhakika, akaketi ametulia pale saloni kwa mununuzi, mikono kwenye mapaja.

Mama mkwe wa shefu, marehemu siku nyingi, sasa alikuwa anaishi ndani ya flashi. Nikamweka. Kifua chake, safi. Akagomba juu ya ndizi, nikanyoosha mgongo. Nikangoja kijiko. Hakuna. Nikarudia mara tatu.

"Twita zimekufa," nikasema. "Zote mbili."

"Hata mi niliona huko juu iko kitu inakosa," akasema kaka mkubwa wa mununuzi.

"Iko sawa vile wameifunika na blanketi," akaongeza bibi yake, yaani mke wa huyo kaka.

Mama Dorika alisimama. "Papa, kijiko iko inalia. Mi minaisikia."

"Mama, weye unauza," nikamwambia. "Mi minasikiliza."

Watu wakacheka. Naona haya hata kuyaandika maneno hayo.

Nikarudi nyumbani, mtaa wa Mudzipela, nikaweka ile flashi kwenye bafle zangu mwenyewe, ambazo nazijua kama viatu vyangu. Kijiko hakuna. Nikalaani jenereta ya jirani kwa kuniunguzia twita. Nikafungua, nikapima: nzima. Nikabadilisha hivyo hivyo, kwa kiburi tu. Nikaweka tena.

Bibi yangu akaita kutoka jikoni, ng'ambo ya ua: "Nani anakoroga chai mu saloni? Sukari yote iko huku kwangu."

Nilikaa pale na bisibisi mkononi. Alipoingia, alinitazama, akatazama bafle.

"Imeharibika?"

"Apana. Ni mi."

Akafikiri kidogo. "Sikio moja ao yote mbili?"

Niliogopa, nawaambia kweli. Nilijua nikinyamaza hakuna atakayejua, maana saloni nzima ilikwisha kusema kama mimi. Bafle zingerudi, jina langu lingebaki, na Mama Dorika angefunga duka.

Asubuhi nilichukua moto, ile pikipiki ya abiria, mpaka Bigo. Mama Dorika alikuwepo tayari, akizifunga bafle zake ndani ya maboksi, familia ikimtazama. Nikasema mbele ya wote: "Bafle iko muzuri. Masikio yangu njo imekufa huko juu. Jana nilisema uongo bila kujua."

Wakatazamana. Zikafunguliwa, zikapigwa tena.

"Hata mi jana nilisikia kijiko," akasema kaka mkubwa.

"Iko clair, safi kabisa," akasema bibi yake, yule wa blanketi.

Nilicheka mpaka machozi, kisha kicheko kikakatika. Watu hawa walikuwa na masikio mazima, wakayaweka kando kwa sababu mimi niliketi mbele yao.

Mama Dorika hakucheka. Nilimwomba samahani. Akavuta utepe wa boksi polepole.

"Papa, jana nilifika kwangu, nikauliza batoto kama saa ya ukuta iko inalia," akasema. "Nilikuwa nimeisha kuamini kama mi njo kiziwi."

Siku hiyo niliacha kazi ya kuhukumu. Watu bado wanakuja, tena wengi, na wananiwekea kiti mbele ya bafle zao. Nakaa pembeni, nawakalisha wao pale. "Weye unasikia nini?" nauliza. Wengine wanakasirika: "Muzee, nimekuja kukuuliza weye." Nawaambia mimi sisikii, basi wao wenyewe wanijibu. Wanafunga macho, wanaanza kusema kwa woga kile wanachosikia, na mimi naandika rapoti vilevile wanavyosema.