Kaseti Niliyoagizwa Kuifuta

Miaka ya tisini nilikuwa khatibu wa msikiti mdogo Thika, karibu na Eneo la Viwanda. Wafanyakazi walikuja kuswali Ijumaa kisha wakarudi kazini mbio, maana khutba zangu, Mungu anisamehe, zilikuwa ndefu.

Mshonaji mmoja wa mtaa wa Kimbo, binti mwenye ulimi, alirekodi kaseti ya vichekesho. Alimwigiza chifu akizindua daraja lisilokuwepo, kisha akaniigiza mimi: naanza khutba, na nikimaliza, waumini wote wamestaafu. Watu wa chifu walizizoa nakala zake zilizouzwa sokoni Ruiru hadi ikabaki moja tu, iliyokuwa mikononi mwa kamati ya msikiti. Nao wakanikabidhi.

"Maalim, rekodi darsa juu yake. Ifutike kabisa."

Nikaitia kwenye redio, nikaanza darsa. Baada ya dakika chache nikatamani kujua alinisema vipi. Nikasimamisha, nikasikiliza. Alikuwa amepata hata kikohozi changu kabla ya "na jambo la mwisho", maneno aliyoyarudia mara saba. Nilicheka mpaka mke wangu akaja kutazama kama mimi ni mzima. Nikachukua kisu, nikavunja vile vijimeno viwili vya plastiki mgongoni mwa kaseti ili redio isikubali tena kurekodi juu yake. Nikaiweka chini ya kanzu ya Idi. Kamati walipouliza, nilijibu kwamba darsa limo ndani, na kweli lilikuwemo.

Mwishoni mwa miaka hiyo yule binti mshonaji akaja kwangu. Kaka yake, aliyekuwa akisoma ng'ambo, alikuwa akihifadhi kwenye intaneti vichekesho vilivyopigwa marufuku, na cha dada yake hakuwa nacho.

"Maalim, wanasema uliifuta."

"Mwanzo tu, mama. Nisamehe." Nikampa.

Aliipokea kaseti kwa mikono miwili, akaenda kuituma kwa kaka yake.

Baada ya miezi kadhaa tulikwenda kuisikiliza katika chumba cha intaneti mjini Thika. Sauti ilikatika kila mara, tukasubiri. Kwanza nikasikika mimi nikifundisha subira, kisha katikati ya neno akaingia yeye, akiniigiza.

"Kaka anasema wasikilizaji wananisifu kwa huyo maalim wa kwanza, wakidhani naye ni mimi naigiza," akasema. "Ila eti nimezidisha chumvi. Tukikate kipande chako?"

"Kiache hapo hapo," nikasema, kisha nikakohoa.

Akaanza kucheka kabla sijaongeza neno.