Karatasi Iliyotoka Nyeupe

Kwa miaka kumi na tisa Bi Karatasi alifuga wadudu katika kituo cha utafiti, na wenzake walimtania kwamba ipo siku atawaandikisha shule. Walikuwa wadudu wa kahawia, wadogo kuliko punje ya mchele, wanaofyonza utomvu wa mpunga mpaka shamba zima linanyauka. Kazi yake ilikuwa kuwafungia kwenye mche ndani ya kikombe cha plastiki, chini ametandika karatasi. Mdudu akila, hunya. Karatasi ikipakwa dawa, kila tone la kinyesi hugeuka zambarau, na madoa yakiwa mengi, ujue mpunga huo umemnogea.

Shangazi yake, mkulima asiyejua kunyunyizia dawa, alimwachia kopo moja la mbegu za kienyeji kabla hajafariki. Bi Karatasi akazijaribu. Karatasi ikatoka nyeupe pe. Mkuu mpya wa maabara, msomi mwenye haraka zake, akaitupia jicho na kuandika daftarini: wadudu hawakuwekwa. Jaribio likafutwa, na kopo likaingia kwenye orodha ya vitu vya kutupwa Ijumaa ili kabati la baridi lipate nafasi.

Ilimuuma. Kuitwa mzembe angemeza, lakini mbegu ile haikuwa tena katika shamba lolote alilolijua. Jumatatu asubuhi alimfuata mkuu ofisini.

"Daktari, wadudu wahesabu kwa mkono wako, na kikombe ufunge wewe. Mimi sigusi kitu."

Daktari akasingizia mikutano. Bi Karatasi akavuta kiti, akakaa mlangoni, akasema mikutano huisha. Kufikia saa tano mkuu alikuwa amesalimu amri. Aliweka wadudu watano kwenye mche wa shangazi na watano kwenye mpunga wa kisasa, baada ya wengine wawili kumtorokea ndani ya shati. Bi Karatasi alijikaza asicheke, na haikuwa kazi ndogo.

Kesho yake wakachungulia pamoja. Kwenye mpunga wa kisasa wadudu walikuwa wametulia kama wageni waliokuta chakula mezani. Kwenye ule wa shangazi walipanda na kushuka, wakidunga, wakichomoa, wakihama. Wawili walikuwa wamekufa. Walipozipaka dawa, karatasi ya mpunga wa kisasa ikajaa zambarau, ya pili haikupata hata doa. Daktari akasema lazima kuna kemikali ndani ya utomvu inayowakatisha hamu ya kula, na kwamba wataitafuta. Bi Karatasi alijibu kwamba shangazi hakuijua kemikali, alijua tu kuwa wadudu hawaupendi mpunga wake.

Daktari akakata maneno yake daftarini, akaandika: wadudu walikuwemo. Akamwomba radhi kwa sauti ya chini.

Bi Karatasi alimsamehe, tena kwa dhati. Kisha akamsogezea orodha ya Ijumaa. Kulikuwa na mbegu nyingine sita za kienyeji, zilizojaribiwa na watu waliomtangulia Bi Karatasi kazini, zote zimekataliwa kwa maneno yaleyale: wadudu hawakuwekwa.

"Kunja mikono ya shati, Daktari," akasema. "Tuanze na hii ya juu."