Safari ya Kumpeleka Rajabu na Mguu Wake Kilosa

Niliondoka Mikumi kwa sababu ya mguu wa mdogo wangu Rajabu. Nasema mguu, maana Rajabu mwenyewe hakutaka kwenda popote. Alikuwa amerudi nyumbani kutoka kwenye mashamba ya mkonge ya upande wa Kilosa, anachechemea. Chini ya goti pamevimba kama papai changa, pagumu, hapabonyei, hapatoi usaha. Mama akamkanda kwa maji ya moto. Wakaja wenye mizizi yao, wakamchanja. Uvimbe ukawa unakua tu, na Rajabu akawa anakonda. Hapo ndipo mama aliponigeukia mimi.

"Athumani, mpeleke mwenzio hospitali. Na usirudi hapa peke yako."

Sasa nyinyi mnaosoma haya, kabla hatujapanda gari nataka mjue jambo moja. Mama hakuwahi kumwambia mtu asirudi bila mimi. Mimi nilipoumwa na nyoka kule bondeni, aliniambia nikae upande wenye kivuli, akaendelea kupepeta mtama. Mimi ndiye mkubwa. Shule niliacha darasa la pili ili mtu awepo wa kulinda nguruwe wasimalize shamba, na aliyebaki shule ni Rajabu. Simlaumu marehemu mama, naeleza tu. Safari ile nilikwenda na mgonjwa mbele na wivu nyuma, na hakuna kati yao aliyeshuka njiani.

Asubuhi ya kuondoka, vijana wa ukoo walimbeba juu ya kitanda cha kamba mpaka barabarani. Wakati huo ni wa Mwingereza, reli ya Mikumi haijawekwa, na mtu wa kwetu akitaka Kilosa anangoja gari la mzigo au anatumia miguu yake. Tukapata gari lililokuwa linapeleka mahindi. Dereva akamtazama Rajabu, akamweka mbele pamoja naye. Mimi nikapanda juu ya magunia. Kila tulipopita watu wanauliza, "Mgonjwa anaendeleaje?" Mimi huku juu nimekuwa mwekundu kwa vumbi kama tofali, na hakuna aliyeuliza wa juu anaendeleaje.

Adhuhuri tulifika kijiji cha Ulaya, tukakuta gulio. Dereva alikuwa na biashara zake pale, kwa hiyo tukapumzika kwa Mzee Kibwana, aliyekuwa rafiki wa baba yetu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Huyu ndiye Rajabu? Mlete hapa, mkunjulieni mkeka."

Mkewe akachinja kuku. Paja akapewa Rajabu, na kidari Rajabu. Mimi nikapewa shingo.

"Mgonjwa ale, arudishe damu," akasema mama yule.

"Na anayemuuguza je?" nikauliza.

"Wewe una meno mazuri, mwanangu. Shingo haitakushinda."

Wakacheka wote. Rajabu hakucheka, maana mdogo hamcheki kaka yake mbele za watu. Kwetu ndivyo tulivyolelewa. Aliinamisha uso kwenye sahani, na mabega yakawa yanamtikisika. Adabu hiyo ikumbukeni, maana itatutesa huko mbele.

Alasiri tuliingia Kilosa. Hospitali ilikuwa na mabenchi mawili, nami sikujua kwamba kila benchi lina shughuli yake. Kwa kuwa tatizo ni mguu, nikamkalisha kwenye benchi la watu wa vidonda. Dresa, yaani mfunga vidonda, akaja na chupa ya dawa ya zambarau, akaupaka uvimbe wote, akaufunga bandeji, akatuambia twende. Tukaenda. Tukalala kwa mtu mmoja wa Chanzuru, kijiji cha jirani, asubuhi tukarudi, tukakaa palepale, tukapakwa tena. Ningekaa pale mpaka mkonge uote kichwani kama si mwanamke mmoja aliyekuwa anampikia mumewe nyuma ya wodi.

"Baba, mbona unampaka rangi mwenzio kila siku kama mlango?" akaniuliza. "Kasimame pale anapotokea bwana mganga. Akitoka, usimpishe."

Nikasimama, nikawa sipishi. Bwana mganga, yaani daktari, alikuwa Mwingereza mrefu, Kiswahili chake kimepinda kidogo lakini kina adabu. Alifungua bandeji, akabonyeza, akauliza kama mfupa unauma hata mtu akiwa amelala. Rajabu akasema unauma zaidi akilala. Uso wa bwana mganga ukabadilika. Akasema twende Morogoro tukapigwe picha ya mfupa.

Safari ya gari moshi kwenda Morogoro ndiyo niliyoifurahia, kwa muda mfupi. Tulipofika kwenye mashamba ya mkonge, mistari imenyooka mpaka macho yanachoka, Rajabu akachangamka. Akaanza kunionyesha: pale wanakata majani, pale wanafunga mizigo, kule kinu kinakamua mpaka zibaki singa, nyuzi nyeupe za kusokotea kamba. Nikafurahi kwamba anazungumza nami. Kumbe alikuwa anamzungumzia Mayunga. Mayunga alimmwagia nyapara maji. Mayunga anakata mkonge huku anaimba, na anamaliza kazi kabla ya wote. Mayunga hivi, Mayunga vile, mpaka Morogoro.

"Huyo Mayunga ni nani?" nikauliza.

"Mtani wangu, kaka. Mnyamwezi."

Nikatazama nje.

Morogoro walipiga picha, wakakata na kipande kidogo cha nyama ili kipelekwe Dar es Salaam kwa wenye darubini. Sisi tukarudi Kilosa kungoja. Rajabu akapewa kitanda wodini, mimi nikapata mafiga yangu nyuma ya wodi, jirani na yule mwanamke. Napika uji, namlisha, namwosha, namgeuza. Nesi akipita anasema, "Rajabu, leo umependeza." Aliyempendezesha amesimama hapo na ndoo.

Majibu yalipokuja, bwana mganga alituita wote wawili. Akasema ni kansa ya mfupa, hii ambayo siku hizi tunaiita saratani. Akasema ni ugonjwa wa nadra. Yeye ameusoma kwenye vitabu, lakini kwa macho yake Rajabu ni wa kwanza. Dawa ya kunywa hakuna. Mguu ukatwe juu ya goti, na ukatwe upesi, kwa sababu ukiachwa ugonjwa utapanda kifuani, na ukifika kifuani hakuna la kufanya tena.

Rajabu akauliza, "Ukishakatwa, mguu unaenda wapi?"

Dresa alikuwa pembeni, akajibu bila kufikiri, kama mtu aliyeulizwa njia ya kisimani. "Unachomwa kule nyuma, pamoja na bandeji chafu."

"Basi sitaki," akasema Rajabu. "Mimi si taka. Nitakufa na vitu vyangu vyote."

Akageukia ukutani.

Hapo ndipo nilipofanya kazi. Nilimbembeleza kwa jina la mama. Nikamtajia Mungu. Nikamkaripia. Nikamwambia nitauomba mguu niuzike mwenyewe, akasema, "Kaka, wewe huwezi hata kuutazama," na ni kweli, wakati wa kumwosha nilikuwa naangalia dirishani. Kila nilichosema, jibu lake la mwisho ni moja, "Nimekusikia, kaka." Habishani nami, maana mimi ni mkubwa. Hanikubalii pia. Mtu mwenye adabu namna hiyo humpati pa kumshika. Bwana mganga kila akipita anauliza, "Tayari?" nami natikisa kichwa, na siku zinakwenda, na uvimbe nao unakwenda juu.

Alasiri moja, saa ya kutazama wagonjwa, akaingia mtu mfupi, amevaa shati lililochanwa na miiba ya mkonge, ananuka utomvu wake. Hakunisalimia mimi wala mtu yeyote. Akasimama miguuni pa kitanda.

"Huyu ndiye anayekula uji wa serikali bure? Msagara mvivu wewe. Umeona mkonge umekushinda, ukaamua kuvimba."

Nikasimama nimkamate shingo. Rajabu akageuka kutoka ukutani, akacheka. Meno yake sikuwa nimeyaona tangu Mikumi. Nikajua huyo ndiye Mayunga.

Niwaeleze, maana watoto wa siku hizi utani wanadhani ni mchezo. Wanyamwezi walipita nchi yetu ya Usagara na mizigo ya biashara tangu enzi za mababu, wakapigana nasi, wakala nasi, mwisho wakawa watani wetu. Mtani ana ruhusa ya kukutukana na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Anaweza kuchukua kitu chako mbele ya macho yako. Na siku ya msiba, kazi nzito zinazowashinda ndugu, mtani ndiye anayezifanya.

"Mtani, wanataka kunikata," akasema Rajabu.

"Wakukate wapi?"

"Juu ya goti."

"Wanakosea. Wangeanzia shingoni."

Wodi nzima ikacheka. Mgonjwa mmoja mwenye mshono akawa anawaomba wanyamaze, tumbo linamuuma.

"Na mguu wanauchoma," akasema Rajabu, sauti imeshuka.

Mayunga akakaa kitandani, bila kukaribishwa. "Nani auchome? Mguu huo ni wangu. Ukifa mzima wa kukuzika ni mimi, na ukifa kipande ni mimi vilevile. Nitauzika, nitaulilia, nitadai haki yangu kwa huyu kaka yako mwenye uso wa ubao. Kesho kutwa nikikukuta bado unao, nakuja na kisu changu cha mkonge nakata mwenyewe, na sitakupa dawa ya usingizi."

"Utauzika kweli, mtani?"

"Kwani nina mazoea ya kuacha mali yangu hospitali?"

Rajabu akanitazama mimi. "Kaka, mwambie bwana mganga nimekubali."

Nilikwenda kumwambia. Njia ilikuwa fupi, kutoka wodini mpaka mlangoni kwake, lakini niliiona ndefu kuliko ya Mikumi. Mimi nimesema maneno mazuri mpaka mate yamenikauka. Yule kaja na matusi, kalichukua neno lile la kukubali kama mtu anayechuma pera njiani. Nilitaka Rajabu apone, Mungu shahidi. Lakini nilitaka apone kwa mkono wangu.

Asubuhi ya kukatwa, walimpa nusukaputi, dawa ile ya kulaza, wakafunga mlango. Tukabaki mimi na Mayunga kwenye benchi moja. Mayunga akasema, "Kaka mkubwa, umenichukia."

"Sijakuchukia."

"Umenichukia, na ni sawa. Mimi nakuonea wivu wewe. Ndugu zangu wako Tabora huko. Nikiugua hapa, wa kunikorogea uji hayupo."

Maneno yale yangemlainisha mwingine. Mimi yalinikera zaidi: hata kwenye wivu alitaka kunishinda.

Mlango ulipofunguliwa, Mayunga alimfuata bwana mganga akadai mguu. Bwana mganga akauliza anautakia nini. "Ni mali yangu," akasema Mayunga, na mwanamke wa mafigani akaeleza, na yule Mzungu akafikiri kidogo, akaamuru wampe. Ukatoka umefungwa shuka. Mayunga akaukumbatia, tukaenda nao pembeni ya makaburi, njia ya Chanzuru. Alichimba mwenyewe. Mimi nilishika jembe, akaninyang'anya.

"Kaa kule, mfiwa. Kazi yako kulia."

Akauweka, akafukia, akapiga magoti, akaulilia kwa sauti ya juu: "Ewe mguu wa kulia, umemwacha mwenzio mjane. Nani atakayempiga teke Msagara huyu?" Watu waliokuwa wanapita wakasimama. Mimi nilikuja pale na donge, lakini nikashangaa machozi yananitoka. Alipomaliza akaja mbele yangu, akanivua kofia, akaivaa yeye, akaondoka nayo. Ni haki ya mtani, kofia huwezi kuidai tena. Ilikuwa kofia nzuri.

Rajabu alikaa wodini mpaka kidonda kikafunga, akafundishwa magongo, akaanza kuwaudhi manesi. Bwana mganga alimsikiliza kifua mara kwa mara, na mara ya mwisho akatabasamu, akasema kiko safi, turudi nyumbani.

Siku ya kurudi mvua zilikuwa zimeanza. Gari lilitufikisha Ulaya, likakataa kuendelea kwa sababu ya matope. Mzee Kibwana akatuazima baiskeli. Rajabu akakaa nyuma, magongo yamefungwa ubavuni, mimi nikawa nasukuma. Njia nzima tope, na kila anayekutana nasi anauliza nani kamponya. Rajabu anajibu, "Bwana mganga wa Kilosa, na mtani wangu Mayunga." Anayesukuma baiskeli hatajwi.

Karibu na Mikumi, kwenye mlima mmoja mdogo, nikamwona ameinama, kimya, anapapasa pale ambapo mguu ungekuwepo. Nikajua moyo umemshuka. Nikafikiri, hata mimi naweza. Nikasema kwa sauti ya juu, "Kaa vizuri wewe, Msagara mvivu, kigutu wewe."

Neno lilitoka likaanguka palepale matopeni. Hakucheka. Baiskeli ikasimama, maana na mimi nilisimama.

Baadaye akasema, polepole, "Kaka, wewe usinitukane. Ukinitukana wewe, inaniuma."

"Mayunga je?"

"Mayunga ni mtani." Akaweka mkono begani kwangu, akaukandamiza kama mtu anayejaribu nguzo. "Wewe sukuma."

Nikasukuma. Mama alikuwa amesimama barabarani, akampita mtu mwenye matope mpaka kiunoni, akamkumbatia aliyekaa. Rajabu aliishi miaka mingi, akaoa, akazaa. Mpaka leo nikilisikia jina la Mayunga kifua kinabana, na simwombi mtu radhi. Lakini safari ile ilinifundisha kwamba mgonjwa ana watu wake wengi, na kila mmoja ana kazi ambayo mwingine akiishika anaiharibu. Yangu ilikuwa kusukuma. Nilitaka nyingine, sikupewa.