Njugu Mawe za Mama na Bibi wa Mtoni

Mama alipokwenda Marekani kumlea mdogo wangu aliyekuwa amejifungua, alituaga kwamba anakwenda kuogesha mtoto tu, kisha anarudi. Alirudi kweli, nashukuru. Ila alirudi na kijiji kizima mdomoni, na tangu hapo nyumbani kwetu Ntalikwa hatujala ugali bila kijiji hicho kukaa nasi mkekani.

Nimekijua kama nimezaliwa huko. Ni kijiji kidogo kando ya mto mpana wa maji ya matope. Nyumba zao za mbao zimenyanyuliwa juu ya nguzo, kwa sababu mto ukifura huingia jikoni bila hodi. Shule ilifungwa, vijana wakahamia mijini, wakabaki wazee na mbwa wao. Ijumaa wanakaanga kambale nje ya kanisa, na anakula kila anayepita, hata asiyesali. Yupo mzee mmoja ambaye kila wiki anafyeka majani ya uwanja wake, kisha anayatupa.

"Anayatupa!" mama husema, mkono kifuani. "Ng'ombe wa Igunga nzima wangeshiba!"

Hayo yote niliyavumilia. Kilichonishinda ni bibi wa jirani.

Bibi huyo ni Mzungu wa rika la mama, anakaa nyumba ya pili kutoka kwa mdogo wangu. Mama hajui Kiingereza hata cha kuombea maji, na yule bibi hakuwahi kusikia Kiswahili maishani mwake. Lakini kila asubuhi walikaa wawili barazani wakitazama mto na kumenya maharage. Mama anasema walielewana. Walielewana nini? Mimi naongea naye Kiswahili na Kinyamwezi, lugha mbili nzima, na bado hatujaelewana kuhusu chumvi ya mboga.

Mama akiwa bado huko, bibi yule akafiwa na mumewe. Kwao, mtu akifiwa, majirani humletea chakula kwenye mabakuli ya kioo, wamebandika majina yao chini ili vyombo virudi. Wanamkumbatia, wanampa pole, wanaondoka. Mama alishangaa mno. Mjane anaachwaje peke yake na mabakuli? Akachukua kanga yake, akaitandika chini sebuleni kwa yule bibi, akakaa. Hakusema neno, maana angesema kwa lugha gani? Akakaa mpaka yule bibi naye akateremka kwenye kiti, akakaa chini, wakawa bega kwa bega. Kesho yake akarudi tena, na keshokutwa yake pia.

Mama aliposimulia hayo watu wote walilia. Mimi nilinyanyuka nikaenda kukosha sufuria iliyokuwa safi. Mume wangu alipofariki, mama alinikalia hivyo hivyo, goti lake likigusa langu, kimya. Miaka yote nilidhani kukaa kule ni kwangu, mama amenikalia mimi kwa kuwa ni mimi. Kumbe ni kitu cha kugawiwa yeyote, hata Mzungu wa mtoni! Niliona wivu, na yeyote anayetaka kunicheka na anicheke.

Halafu ikaja siku ya simu. Mdogo wangu alipiga simu ya video, akampa yule bibi aongee. Bibi kacheka, kapunga mkono, kisha akang'oa mmea kwenye bustani yake na kuuinua tuuone. Chini ya majani, kwenye mizizi yenye udongo, zilining'inia njugu mawe. Akapasua ganda moja. Ndani mlikuwa na mbegu nyekundu yenye jicho jeupe. Mbegu yetu!

Niseme ilivyo kwetu. Mbegu hii ni ya wanawake wa nyumba yetu. Bibi yangu alimfungia mama konzi moja kwenye pembe ya kanga siku alipotoka Bukene kuja kuolewa huku. Mama naye akamfungia mdogo wangu siku ya safari, naye, kwa ugeni na njaa ya nyumbani, akazichemsha zote wiki ya kwanza akala. Mimi sikufungiwa. Sikutoka nyumbani; mume wangu ndiye aliyehamia kwetu, watani wakamcheka mpaka wakachoka. Nililima na mama shamba moja, kibuyu chake cha mbegu kikining'inia juu ya jiko, nami nikijiambia kwamba siku moja mama atanikumbuka.

Simu ilipokatika nilimgeukia.

"Mama, umempa mbegu?"

"Nilimfungia konzi niliyosafiri nayo, siku ya kuagana. Kuna ubaya gani?"

"Mzungu apate, mimi nikose? Nimekukosea nini? Nani anakuchotea maji? Nani anakukanda miguu? Na mimi nazitaka!"

Mama alinitazama. "Unazitaka?"

"Nazitaka."

Akateremsha kibuyu, akakiweka miguuni pangu. "Haya. Chukua zote."

Jamani, nilivyofurahi! Siku hiyo nilitembea nyumbani kama bibi harusi.

Asubuhi nilimkuta mama anafunga mzigo. Nikamuuliza anakwenda wapi.

"Bukene, kwa kaka yangu. Basi la saa nne."

"Kuna msiba?"

"Hakuna. Mbegu hufungiwa anayekwenda kula mbali na mimi. Mdogo wako alikuwa anakwenda. Yule bibi niliagana naye nikijua sitamwona tena. Wewe ningekufungia ya nini, na chungu chetu ni kimoja? Uliwahi kuniona namfungia mbegu mtu ninayelala naye nyumba moja? Umezitaka, umepata. Aliyetoa na aliyepewa hawapiki jiko moja. Wewe una watoto, huna pa kwenda. Basi nakwenda mimi."

Nilicheka kidogo, nikitumaini ni utani. Mama hakucheka. Kwenye mambo ya bibi zake mama hatanii, na namjua: akipanda basi lile harudi. Nitabaki na kibuyu changu na nyumba isiyo na mama.

Sikumbembeleza, maana kubembelezwa humzidishia ukaidi. Nilienda jikoni, nikachochea moto, nikabandika chungu cha maji, nikamimina mbegu zote.

"Wewe!" Mama alikuja mbio, mzigo mkononi. "Hiyo ni mbegu!"

"Ni kifungua kinywa."

"Umerogwa?"

"Kaa ule, mama. Utasafirije na njaa?"

Sasa, njugu mawe kavu hazijui haraka. Ukizibandika asubuhi, unakula jua likiwa utosini. Mama analijua hilo kuliko mimi. Hata hivyo alivuta kigoda akakaa, mzigo umemlalia mapajani, ananitukana mimi na tumbo langu na baba yangu marehemu aliyenidekeza. Mimi naongeza maji tu. Basi likapiga honi barabarani. Tulilisikia wote wawili likipunguza mwendo, kisha likiondoka.

"Ongeza kuni," mama akasema baadaye. "Moto huo hauivishi kitu."

Tulikula kutoka chungu kimoja, bila sahani. Tulipomaliza, alikwangua chini, akauliza mvua zikinyesha tutapanda nini, kwa kuwa za sokoni si mbegu ya mama yake.

Nilikuwa sijalifikiria hilo. Mbegu ya bibi zangu ilikuwa imebaki sehemu moja tu duniani.

"Mdogo wako akija likizo atazileta," mama alisema. "Lakini kuomba utaomba wewe mwenyewe. Ndiyo maana watu husema usitukane wakunga na uzazi ungalipo."

Jioni nikapiga simu. Mdogo wangu, huku anacheka, alivuka uwanja na simu mpaka kwa jirani. Yule bibi akatokea, nyuma yake ule mto niliochoka kuusikia. Ni mkubwa wangu, nifanyeje? Nikainamisha kichwa.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," akaitika, wazi kabisa, vilevile anavyoitika mama.

Nikamgeukia mama. Alikuwa ametazama dari.

Nikairudia simu, nikaomba mbegu.