Mzungu Aliyeshuka Hatoni

Cheka ukitaka. Wengi wamecheka kabla yako, na mmoja wao alikuwa padri. Lakini mimi nilikuwemo ndani ya basi lile, nilimwona kwa macho yangu haya, tena mchana, na sikuwa nimeonja hata tone la pombe. Basi kaa vizuri usikilize.

Ilikuwa miaka ile ya kuhamishiwa vijijini. Sisi tulitolewa Kenyamonta, kwenye mji wetu wenye zizi na uzio wa minyaa, tukaletwa huku upande wa Nyambureti, kando ya barabara, nyumba zimepangwa mstari. Lori lilikuja asubuhi, wanamgambo wakasema pandeni. Mama aliomba aende kwanza kwenye kaburi la baba nyuma ya zizi, wakamkatalia. Kwetu mtu hahami hivyo. Mjane akihama humwendea marehemu mumewe, akamwambia kwa sauti: tunahama, tunakwenda mahali fulani, inuka twende. Asipoambiwa hubaki pale pale, anazunguka mji mtupu akiita watu wake. Mama alipandishwa lorini huku bado anageuka nyuma.

Tangu siku hiyo usingizi ulimpotea. Kila jioni alimtengea baba ugali wa mtama, na kila asubuhi aliukuta vile vile. "Mlango wetu ataujuaje?" alikuwa ananiuliza. "Hapa nyumba zote ni moja." Kurudi kulikatazwa. Mwenyekiti alisema atakayeonekana kwenye mahame atashtakiwa, na mama alikuwa mwoga wa serikali.

Sasa, hilo basi. Lilikuwa la Mzee Athumani, mtu wa Tanga aliyehamia Mugumu akaoa huko huko, na mwenyewe ndiye aliyeliendesha. Lilifanya kazi Ulaya mpaka likazeeka, wenyewe wakalistaafisha, wakalipakia melini, likaja kuanza maisha mapya kwenye mashimo yetu. Jamani, nalikumbuka! Viti vyekundu vilivyochanika, kamba ya kengele iliyopita juu ya madirisha na ambayo haikuliza kitu, harufu ya dizeli na maziwa mgando. Siku hizi nasafiri kwenye mabasi yenye televisheni, lakini roho yangu ilibaki kwenye lile.

Juu ya kioo cha mbele kulikuwa na kitambaa cha kuzungusha, kimeandikwa vituo vya huko kwao. Kilikwama kwenye jina moja, nasi tukalisoma Hatoni. Kijiji chetu kilikuwa na namba tu, na basi lilikuwa linalala kwetu, kwa hiyo watu wakaona lile jina ndilo la mahali linapokwenda. Tukawa watu wa Hatoni. Katibu wa kijiji alinakili zile herufi moja moja kwenye kibao, akakisimika barabarani, nasi tukatembea vifua mbele kwa kupata jina.

Siku ninayoisema nilikuwa natoka Mugumu kununua chumvi, alasiri, mvua inanyesha. Nafasi ilikuwa moja tu, karibu na Mzungu mzee aliyekaa dirishani na kofia yake magotini. Nikamwamkia shikamoo, akainamisha kichwa kwa adabu. Paa lilivuja, sote tumelowa, lakini koti lake la sufu lilikuwa kavu kabisa.

Kondakta wetu, Chacha, akaja kukusanya nauli. Akachukua yangu, akapita. Mimi sina kifua.

"We Chacha, Mzungu yeye hatozwi?"

"Mzungu gani, dada? Umekaa peke yako hapo. Sogea dirishani mwenzio akae."

Niamini, niligeuka nikamtazama tena, bado yupo. Sikusogea. Ningesogea niende wapi, nimkalie mapajani?

Tulipokaribia kijijini, yule mzee akakiona kibao. Uso wake! Ulikuwa uso wa mtu aliyeona kwao baada ya safari ndefu mno. Akainuka, akavuta ile kamba, na kengele ikalia. Hiyo waliisikia wote, waulize waliobaki hai.

Mzee Athumani akakanyaga breki. "Nani kaliza? Kengele hiyo ilikufa kabla sijalinunua gari!"

Mzungu akashuka, nami nikashuka nyuma yake. Akasimama chini ya kibao, akasoma, akatazama kulia, akatazama kushoto: nyumba za udongo, mbuzi, mtama. Akasoma tena. Kisha akanigeukia, na midomo ikaanza kumtetemeka kama ya mtoto aliyepotea sokoni. Nilimhurumia mpaka woga ukaniisha.

Mama alikuwa amekuja kunipokea. Naye alimwona. Hakupiga kelele, alikwenda kuleta kigoda. "Omogeni, karibu," akamwambia Kikurya, kama anavyokaribishwa mgeni yeyote. Yule mzee akakaa mvuani bila kulowa, anatazama barabara. Tulipoingia kumletea uji na kutoka, kigoda kilikuwa kitupu.

Mama akashika kata ya uji akilia. "Huyu amefuata basi lake mpaka huku. Hakuna aliyemwambia kwamba linahama. Na baba yako je?"

Asubuhi alipanda basi, nami nyuma yake, mbele ya mwenyekiti mwenyewe. "Utashtakiwa, mama," mwenyekiti akasema. Mama akamjibu kama anayesema na kijana wake, "Nishtaki nikirudi, mura. Sasa hivi nina haraka."

Mzee Athumani alitusubiri kwenye njia ya mahame, injini inaunguruma, anasoma Fatiha. Mama alisimama kaburini akasema kwa sauti: "Tata Mwita, tumehama. Hawakuniacha nikuage. Inuka twende." Tuliporudi garini alikaa kiti cha watu wawili, akaacha nafasi ya dirishani. Mfanyabiashara mmoja wa ng'ombe akataka kukaa.

"Kuna mtu," mama akasema. Yule bwana akakitazama kiti, akanitazama mimi, akaenda kusimama nyuma.

Usiku ule mama alilala. Nilimsikia akikoroma, nikajifunika shuka nikalia kwa furaha. Mwenyekiti hakumshtaki, na ugali hakuutenga tena.

Yule Mzungu sikumwona tena, lakini mpaka leo siketi karibu na kiti kitupu bila kukiamkia, na wajukuu wananicheka. Wanangu wako Mwanza, kila mwaka wanapanga nyumba nyingine. Nimewaonya, nawe nakuonya: usihame kimya kimya ukawaacha walio chini ya ardhi. Na wao nimewaambia: siku yangu ikifika mtanizika hapa. Mkihama, hata mkiwa na haraka, aje mmoja wenu aniambie ni wapi.