Mikono Miwili ya Kushoto

Siku zetu kule Ihanda, mtoto hakushonewa gauni jipya bila sababu. Langu lilikuwa la kipaimara. Baba, aliyefanya kazi migodini Rhodesia ya Kaskazini, alikuja kwa njia ya Tunduma na kipande cha kitambaa cha buluu chenye maua meupe, bado kikinukia duka. Mama akakipeleka kwa shangazi Sala, dada yake Baba, mwenye cherehani ya mkono.

Shangazi alikitandaza mkekani, mimi nikipukuchua mahindi kando yake. Alikuwa na kiolezo kimoja tu cha mkono wa gauni, cha karatasi ya gazeti. Akakata mkono wa kwanza. Kitambaa kilikuwa haba, basi kwa ule wa pili alikisogeza kiolezo pembeni, akakizungusha kichwa chini miguu juu hadi kikaenea. Akakata.

Jioni alinivika. Upande wa kulia ulinibana kwapani, ukavimba mgongoni kama mfuko. Shangazi akaufumua mkono ule, akaulaza juu ya mwenzake. Kila alivyouzungusha, mwisho ulilala sawasawa na wa kushoto.

"Nimekata mikono miwili ya kushoto," alisema. "Karatasi nimeisogeza, nimeizungusha, lakini sikuipindua."

"Sasa tutafanyaje, wifi?" Mama aliuliza. "Jumapili ni keshokutwa."

Kitambaa kilikuwa kimekwisha. Shangazi akaupindua mkono wenyewe, mgongo wa kitambaa ukawa juu. Papo hapo ukawa wa kulia. Ila maua ya upande ule yalikuwa yamefifia, kama yamefuliwa mwaka mzima.

Nikalia, nikasema sivai. Mama hakunibembeleza.

"Kanisani unakwenda kupata kipaimara, au kuonyesha mkono?"

Nikavaa. Nilikusudia kusimama ubavu wa kulia ukiwa ukutani, lakini mzee wa kanisa alitupanga kwa urefu, nikaangukia kando ya njia ya katikati, mkono ule ukiwa mbele ya macho ya watu wote. Mchungaji akaniwekea mikono kichwani kama wengine. Nje, msichana mmoja alicheka. Kisha tukaenda kula wali na kuku. Gauni nililivaa hadi likapanda juu ya magoti, akalirithi mdogo wangu.

Wajukuu wangu hununua suruali zilizochanwa magotini tangu dukani, na wiki mbili haziishi wameshazichoka. Niliwauliza nani kazishona. Walinitazama kana kwamba nimeuliza nani kashona mawingu. Mimi gauni langu nilimjua aliyelikata, na mahali alipokosea.