Mkono wa Mwalimu

Kiharusi kilimwachia mwalimu mstaafu wa Kiingereza mambo mawili: mkono wa kulia uliolegea kama si wake, na kimya. Miezi mitatu, hata "eeh" hakuna. Mkewe, fundi cherehani asiyekaukiwa maneno, alikuwa akiongea kwa niaba ya wote wawili, lakini moyoni yuko hoi. Alitaka kitu kimoja tu, aisikie tena sauti ya mumewe.

Kila asubuhi, kabla ya kukalia cherehani, alimpaka mafuta na kuukanda ule mkono kuanzia begani. Siku moja, kwa kujichangamsha tu, akachokoza kwa Kiingereza chake cha kuokoteza. Akamshika kiwiko, akasema, "Hand."

Jamani, mtu aliyesahihisha madaftari miaka thelathini na moja! Alikunja uso, midomo ikahangaika weee, kisha sauti ikatoka, nzito, ya kukwaruza. "Arm."

Chupa ya mafuta ikamponyoka mama wa watu. Alilia mpaka akajifuta machozi kwa kitambaa cha mteja.

Tangu hapo likawa somo la kila siku. "Arm," Mwalimu alisema, akipumzika kila neno, "bega... mpaka hapa." Akagusa kifundo cha mkono. "Hand... hapa... mpaka vidole."

"Sisi yote tunaita mkono, Mwalimu. Hata wa shati ni mkono. Wenzetu wanajisumbua bure."

"Mtoto... unambeba kwa arm. Unamlisha... kwa hand."

Hapo alielewa, tena vizuri sana. Lakini kesho yake akakosea, na keshokutwa, na kila alipokosea mzee aliongea. Binti yao uvumilivu ukamwisha. "Mama, wiki ya sita hii. Maneno mawili tu hayajakuingia?"

"Nyamaza wewe," mama alimnong'oneza. "Nikipatia, ataacha kuongea."

Sasa asubuhi moja akili yake ilikuwa kwenye sare za shule alizoahidi kumaliza mchana. Akakanda bega, "Arm." Akashuka kiganjani, "Hand." Akashtuka, akaganda na mafuta mikononi. Alikuwa amepatia yote.

Mwalimu aliuona ule mshtuko. Mtu huyu, tangu aanze kazi, hakuwahi kumnyima mwanafunzi aliyepatia vema yake.

"Umekosea," akasema. "Rudia."